Pembetatu Iliyokataa Kukaa

Juzi, katika duka la kompyuta pale Githongo, nilipanga foleni nyuma ya mwalimu wa hesabu aliyekuja kuchapisha mtihani. Ilikuwa saa saba, na wanafunzi wangeanza saa nane. Dada wa duka alipofungua faili, kila alama ya kipeuo ilikuwa imegeuka kiboksi kitupu, na pembetatu imelalia swali la saba.

"Mwalimu, si wataelewa tu hiyo boksi ni root?"

"Wataelewa aje, na mimi mwenyewe sielewi?"

Dada akaivuta pembetatu. Swali la tisa likarukia ukurasa mwingine. Akairudisha; tatu juu ya nne ikawa thelathini na nne. Mwalimu akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Futa pembetatu, futa boksi zote, uniprintie moja tu!"

Akainama juu ya kaunta, akachora kila kitu kwa kalamu, kitambulisho chake kikiwa ndiyo rula. Mashine ilipoanza kutoa kopi, dada aliitazama karatasi kwa heshima.

"Mwalimu, hii fonti umeitoa wapi?"

"Darasa la nne," akajibu, akaondoka mbio na mtihani wake.

Tulicheka foleni nzima. Lakini jioni hiyo nilimnunulia binti yangu penseli na rula.