Funguo Tatu za Sanduku la Wahunzi

Sanduku lile lilifuliwa na mume wangu. Natangulia kulisema hilo kwa sababu siku ya matanga mtu mmoja aliligonga kwa kidole mbele yangu, akasema Kasulu nzima hakuna sanduku kama hilo.

Kikundi cha wahunzi kilianzishwa tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Kabla ya hapo kila mhunzi alifua kwake, na akiba yake ilikuwa majembe. Mimi mwenyewe nilitolewa mahari ya majembe na mbuzi. Sasa wakaambiwa wafue pamoja, wauze pamoja, fedha ikae mahali pamoja. Ikaanza kujaa, na mwenyekiti akakosa usingizi, maana katika kijiji cha jirani mtunza fedha alikuwa ametoroka na za watu. Wakakubaliana watengeneze sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na funguo zishikwe na watu watatu.

Wakachukua springi zote za lori walizokuwa nazo, wakazinyoosha motoni, wakazipanga kama mbao na kuziunganisha kwa misumari ya ribiti. Springi ndiyo inayotoa jembe lisilopinda. Mume wangu alinung'unika kila jioni, lakini alilifua vizuri. Kazi mbaya hakuiweza, hata akiwa na hasira.

Tangu hapo kazi ikawa kungojea chuma. Mwishoni mwa kiangazi, mfanyabiashara mmoja wa mjini Kasulu aliharibikiwa na lori, akataka kuuza springi zake. Mume wangu alikwenda kwa miguu kuzungumza naye. Yule mwenye lori akasema atawangojea mpaka baada ya swala ya Ijumaa, kisha atampa mtu yeyote mwenye fedha mkononi.

Fedha ilikuwepo. Mwenye ufunguo wa tatu ndiye hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kibondo kumwoza binti wa dada yake, na ufunguo ameuvaa shingoni.

Nilikuwa nimepeleka chakula pale kwenye karakana yao, nikawasikia.

"Mwenyekiti, tutume mtu Kibondo," mume wangu alisema.

"Kwa basi gani? Tena ndugu, fedha hii ni ya siku ya shida."

"Shida ndiyo hii. Mvua zinakuja, watu watataka majembe, na sisi hatuna chuma."

"Leo tununue springi, kesho kikija kitu kikubwa zaidi tutanunua kwa fedha gani?"

"Basi nikate kufuli moja."

Wenzake wakacheka. "Kata, kata!" mmoja alisema. "Si ulituapia kwamba hata tembo halifungui?"

Mume wangu hakucheka. Alilitazama sanduku, akarudi kukaa penye mvukuto usiokuwa na moto.

Ijumaa ikapita. Springi zilinunuliwa na watu wa kutoka Kigoma. Mwenye ufunguo aliporudi, amenenepa kwa nyama ya harusi, mwenyekiti alifungua, akahakikisha fedha ipo yote, akafunga. Alifurahi sana. Mpaka leo sijaielewa furaha ile.

Mvua za kwanza zilinyesha na majembe ya kiwandani yakaletwa dukani, mepesi, yenye rangi. Watu walinunua hayo. Wangefanya nini? Mume wangu alikwenda karakanani kila asubuhi akafagia majivu, akarudi. Kisha kifua kikamshika. Sitasema kwamba springi zingemponya. Nasema tu kwamba alikufa mikono yake ikiwa laini, na yeye aliona haya kwa hilo. Kitandani aliificha chini ya shuka wageni walipoingia.

Siku ya matanga kikundi kizima kilikuja. Watu wawili walibeba sanduku kwa mti mabegani, wakalitua uani. Wenye funguo walikuwepo wote watatu. Makufuli yakafunguka upesi, kama mchezo, na mwenyekiti akanihesabia rambirambi mbele ya waombolezaji.

"Pokea, shemeji. Hizi ni jasho lake."

Nilizishika. Zilinuka kutu.

"Mwenyekiti," nikasema, "hizi zirudisheni. Nipeni sanduku. Watoto wa kaka yake wanajua kufua, watalikata wafue majembe kabla mvua haijaisha."

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa na msiba.

"Sasa shemeji, tukikupa sanduku, fedha tutaiweka wapi?"

Wakafunga makufuli, moja baada ya jingine, wakaingiza mti, wakalibeba. Lilikuwa zito. Pale kwenye mteremko walilitua mara mbili wapumzike.