Kiapo Nilichomwandikia Tunu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mawakili mjini Morogoro, sikupewa hata kiti. Wakili Mkuu alinikabidhi hati ya kiapo, yaani maelezo ambayo mtu huyaapia ili mahakama iyapokee kama ushahidi, akaniamuru niipige chapa mara kumi.

"Binti, vidole viijue kabla ya kichwa," alisema. "Wateja hawana muda wa kukungoja ufikiri."

Nilimtii kupita kiasi. Kwa miaka mingi niliandika bila kutazama: Mimi fulani, mtu mzima, Mtanzania, mkazi wa mahali fulani, ninaapa na kueleza kama ifuatavyo. Mashine ya chapa ikaondoka, kompyuta ikaja. Wakili Mkuu akafariki, mwanawe akashika ofisi, na vidole vyangu vikawa vilevile. Makarani vijana waliniita Mashine, nami nikavimba kichwa.

Miaka michache kabla sijastaafu, alikuja Tunu wa Bigwa, mwanafunzi wa uuguzi mwenye miaka kumi na tisa. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka nchi jirani wakiwa wamembeba mgongoni, na wote wawili wamezikwa Bigwa. Vijana wa namna hiyo walikuwa wakipewa kibali cha kubaki nchini. Kisha ukatoka waraka wa serikali kwamba kibali ni cha aliyeomba kabla ya kutimiza miaka kumi na minane tu. Tunu aligundua kwamba si raia siku alipokwenda kuomba kitambulisho, na umri huo ulikuwa umeshampita. Akapewa amri ya kuondoka.

Wakili wetu akaamua kufungua maombi ya mapitio, kesi ambamo mahakama haiulizi kama uamuzi wa serikali unapendeza, inauliza kama sheria iliuruhusu. Hati ya kiapo cha Tunu niliichapa mimi.

"Shikamoo mama. Nasaini wapi?"

"Marahaba. Soma kwanza, mwanangu."

"Si umeandika wewe mama? Sasa mimi nisome nini tena?"

Nami kwa kiburi changu nikamwonyesha pa kusaini. Wakili naye alikimbilia aya za sheria. Maombi yakapokelewa, Jaji akatoa zuio la muda, Tunu asiguswe mpaka yasikilizwe.

Siku ya kusikilizwa, Wakili wa Serikali, kijana mpole tu, alisimama na ile hati mkononi.

"Mheshimiwa Jaji, mwombaji ameapa kuwa ni Mtanzania. Kama ni kweli, hapa anaomba nini? Na kama si kweli, ameapa uongo."

Neno hilo vidole vyangu vililiandika bila kutazama. Jaji alisema kiapo chenye uongo hakiwezi kubeba maombi, akayaondoa, ila tunaruhusiwa kufungua upya. Tulifungua siku ya pili, pamoja na kiapo changu mwenyewe kwamba kosa ni langu. Lakini zuio lilikufa na maombi ya kwanza, jipya lingengoja kusikilizwa, na tarehe tuliyopangiwa ilikuja baada ya siku ya mwisho aliyopewa Tunu kuondoka. Nilimwomba Wakili anifukuze kazi.

"Nikikufukuza, atakayechapa ni nani?" alisema. "Kaa, Bi Mwanaidi. Na safari hii, soma."

Tunu alikuja kuaga. Nilimwomba msamaha huku nalia. Yeye aliniomba nakala ya kile kiapo kilichokataliwa.

"Cha nini, mwanangu? Si ndicho kilichokuponza?"

"Hakuna karatasi nyingine iliyowahi kuniita Mtanzania, mama. Ni hiyo yako tu."

Nikamtolea nakala. Aliikunja, akaitia ndani ya daftari lake la chuo.

Maombi ya pili yalishinda na waraka ukabatilishwa. Vijana wawili wa Gairo waliokumbwa na waraka huohuo, ambao niliwaandikia viapo vyao kabla sijastaafu, wamebaki na kibali. Hukumu haikusema waliokwisha ondoka warudi vipi, na Wakili bado anahangaika na hilo. Makarani wapya wanaponitembelea nawaambia wamuulize mteja kila neno, hata lile wanalolijua. Wanaitikia kwa adabu, kisha wanatazama simu zao.

Tunu anauguza wagonjwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo lugha yake anajifunza ukubwani. Hunipigia simu. Ananiamkia, anauliza kama mvua imeshuka Uluguru na kama kuna mtu anayepalilia makaburi ya wazazi wake. Namwambia napalilia mimi. Mpaka leo hajaniuliza atarudi lini, na ninaogopa siku atakayoniuliza.