Dirisha la Shemeji

Jina la Bata hakupewa kwa sababu ya mwendo. Alipewa kwa sababu miaka kumi na tisa sasa anakula mshahara wake akiwa amelowa. Ni mzamiaji wa usalama katika chuo kinachofundisha watu wa helikopta namna ya kutoka hai ikianguka majini. Kazi hiyo ukimweleza asiyeijua, anacheka. Watu wazima na akili zao wanafungwa mikanda ndani ya kibanda, kibanda kinaning'inizwa kwa winchi juu ya bwawa, kinashushwa majini, kinapinduliwa kichwa chini miguu juu, halafu wanaambiwa haya, tokeni. Kuna mashine ya mawimbi, kuna feni za kuleta upepo na mabomba ya kuleta mvua, na taa zikizimwa unasahau kabisa kwamba uko chini ya paa la mabati. Wanafunzi wanakiita kibanda hicho Sufuria.

Sheria ya Sufuria haina mjadala. Unashika fremu ya dirisha kwa mkono mmoja. Unasubiri kibanda kitulie. Unasukuma dirisha. Mkanda unaufungua mwisho, mwisho kabisa, maana ukiufungua mapema maji yanakubeba na hujui tena juu ni wapi na chini ni wapi. Bata kazi yake ni kukaa majini nje ya kibanda, mtungi wa hewa mgongoni, anatazama. Hamgusi mtu mpaka aone ishara ya hatari au mapovu yakome. Akimgusa, mtu huyo amefeli, na lazima Bata aseme.

Sasa njoo kwa shemeji yake. Huyu ni mdogo wa mwisho wa mkewe, muuguzi wa kikosi cha uokoaji, mcheshi, mwenye mikono ya huruma kwa wagonjwa, lakini majini ni jiwe. Alifeli mara mbili, na mara zote mbili alianza na mkanda. Ya tatu ilikuwa ya mwisho. Akifeli, helikopta aisahau. Asubuhi hiyo mkewe Bata alimshika mkono mlangoni.

"Mume wangu, yule ndiye niliyeachiwa na mama. Mwangalie."

"Nitamwangalia."

Basi akamwangalia kupita kipimo. Sufuria ilipopinduka tu, shemeji huyoo, kafungua mkanda, anapapasa sakafu akidhani ndiyo mlango. Bata akalivuta dirisha kwa nje, akaingiza mkono, akamgeuza, akamtoa. Sekunde tatu hazikufika. Mapovu yalikuwa mengi, na mkuu wa mafunzo, mama mmoja mkali wanayemwita Filimbi, hakuona kitu kutoka kule juu. Shemeji akaibuka anapiga kelele, "Nimetoka! Jamani, nimetoka!" Filimbi akamtazama Bata, na Bata akainua kidole gumba: safi, hakuguswa.

Na shemeji mwenyewe hakujua. Maji yalivyomzungusha, aliamini kwa moyo wote kwamba ameweza.

Wahenga walisema wema hauozi. Huu ulioza, tena ukanuka. Kila Jumapili shemeji alikuja kula, na kila Jumapili alisimulia upya. "Darasani watakuambia mkanda mwisho. Achana nao! Fungua mapema, mwili uwe huru, dirisha linakuja lenyewe." Dada yake alipiga vigelegele, watoto walishangilia, na Bata akainamia sahani yake. Shemeji alipobeba begi kwenda zamu, Bata alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia safari njema, akarudi kukaa huku roho ikimsuta. Mara ngapi alifungua kinywa aseme? Akikumbuka kazi yake, akikumbuka uso wa mkewe, anakifunga. Alikuwa mwoga, basi. Tusimpambe.

Miezi mitano ilipita hivyo. Siku moja wakaja wauguzi wanne wapya wa kikosi kile kile, pamoja na rubani mmoja mwenye mvi aliyekuja kuhuisha cheti. Wauguzi wakatangulia. Sufuria ikapinduka, na Bata akaona jambo ambalo hajaliona tangu aanze kazi: mikanda yote minne ilifunguka kwa mpigo. Watatu walitoka kwa bahati, wakigongana vichwa. Wa nne, dada mmoja mwembamba, alinasa miguu chini ya kiti, na mapovu yakakoma. Bata akamtoa mbio. Dada alitapika maji ukingoni mpaka macho yakamwiva.

Filimbi akafoka. "Nani kawafundisha ujinga huu? Asubuhi nzima naimba mkanda mwisho, mkanda mwisho!"

"Ni kaka yetu mkubwa wa kikosini, madamu," dada akasema, sauti imekauka. "Alituambia darasani ni maneno tu. Yeye ndivyo alivyotoka."

Bata akajua kaka huyo ni nani. Akavua mtungi, akaenda ofisini akitiririka maji, akainua simu.

"Shemeji, uko wapi?"

"Kiwanjani, tunajaza mafuta. Kuna baharia mgonjwa melini. Vipi, mbona unahema?"

"Usipande."

"Nini?"

"Usipande hiyo helikopta. Siku ile hukutoka mwenyewe. Nilikutoa mimi."

"Shemeji, huo si utani wa saa hizi."

"Si utani. Ulifungua mkanda kwanza. Ulikuwa unapapasa sakafu. Dirisha nililifungua mimi, na mimi ndiye niliyekuvuta."

Injini zikasikika kwa mbali. Kisha shemeji akasema polepole, "Nimeruka juu ya maji mara kumi na moja. Mara kumi na moja umeniambia safari njema." Akakata simu.

Bata hakujua kama amepanda au hakupanda. Alikaa kwenye kiti cha ofisi, maji yanamchuruzika sakafuni, akaomba kama hajawahi kuomba. Baada ya saa nzima mlango wa bwawa ukafunguka, na shemeji akaingia na ovaroli lake la zamu. Mwenzake alikuwa amechukua nafasi yake. Hakumtazama Bata. Alimwendea Filimbi.

"Naomba niingie Sufuria, madamu. Mbele ya hawa."

Akaingia. Bata akajitwisha mtungi, akarudi majini. Shemeji akashika fremu, lakini kibanda kilipopinduka mkono ule ukaacha fremu, ukaenda kwenye mkanda. Akapiga ishara ya hatari, na Bata akamtoa kwa haki, mbele ya macho ya wote. Shemeji akakaa ukingoni, akakohoa weee, akawageukia wauguzi.

"Mmeona? Niliyowaambia ni makosa yangu. Nusura nimuue mwenzenu. Mkanda mwisho."

Wala hakumtaja Bata. Akainamisha kichwa, lawama yote kajibebesha peke yake. Bata angetukanwa, angezabwa kofi, angevumilia. Hili la kusitiriwa lilimshinda.

"Si yeye," akasema, akipanda ngazi za bwawa. "Ni mimi. Mwezi wa pili nilimtoa kwa mkono wangu, nikasema katoka mwenyewe."

Filimbi hakupiga kelele. Akasema tu, "Vua." Bata akavua koti la uzamiaji, akalikunja, akaliweka miguuni pake. Alijua hatalivaa tena.

Hapo ndipo yule rubani mwenye mvi alipoinuka kwenye benchi.

"Bata," akasema, taratibu kabisa. "Mwaka juzi, taa zilipozimwa, nilichelewa kidogo mle ndani. Nilitoka mwenyewe?"

"Ulitoka mwenyewe, kapteni. Naapa."

Na ilikuwa kweli tupu. Rubani akamkazia macho, hakusema naamini, hakusema siamini. Akachukua kofia ngumu, akaifunga kidevuni, akaenda kupanga foleni ya Sufuria nyuma ya wauguzi waliokuwa wanarudia zoezi, akajipime mwenyewe.