Hita ya Bwana Jumatatu

Mdogo wangu wa kiume ameendesha gari la zahanati miaka ishirini na saba, na miaka kumi na mmoja kati ya hiyo ameliendesha bila hita ya kupasha joto ndani. Watu wanamwita Bwana Jumatatu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Siku mpira wa hita ulipochomoka na kummwagia daktari maji ya moto magotini, mdogo wangu alifungua boneti akaing'oa mipira yote miwili, ule unaopeleka maji ya moto ndani na ule unaoyarudisha. Akachukua kipande cha bomba kilichopinda kama mkono wa kikombe, akaunga tundu moja la injini na jingine, maji yakawa yanazunguka hukohuko kwenye injini. "Hita nitaishughulikia Jumatatu," akasema. Jumatatu ikaja, ikapita, na wenzake mia tano na kitu wakaifuata.

Gari lenyewe ni la zamani, la milimani, linavuta kwa magurudumu yote manne, na milango yake haifungi bila kubembelezwa. Baridi ya humo ndani siwezi kumsimulia mtu asiyenijua, atasema naongeza chumvi. Nitasema tu kwamba mwalimu mmoja alipanda na chai kwenye chupa, akashuka kule juu ameibeba mkononi, na chupa ameiacha ndani ya gari.

Bwana Jumatatu hakulalamika. Ni mtu wa vyumba viwili na shati moja la kazi, analofua kila jioni na kulipiga pasi kila asubuhi. Mkewe alifariki zamani. Akikaa kwenye kiti chochote, hata cha harusini, mguu wa kushoto unatafuta klachi. Barabara ya mlimani anaijua jiwe kwa jiwe, na mawe makubwa kayapa majina: kuna Kibogoyo, kuna Mama Mkwe, kuna moja ambalo jina lake haliandikiki. Kazi nyingine haijui wala hajawahi kuitafuta.

Halafu akaja Sista mpya kuongoza zahanati. Msimu wa baridi uliopita waliteremsha mama na mtoto wa siku mbili, na mtoto alifika midomo ikiwa ya buluu, japo alifunikwa mablanketi matatu. Alipona. Lakini Sista hakusahau. Akamwita Bwana Jumatatu ofisini akamwambia, bila kupandisha sauti:

"Ijumaa nitapanda na kipimajoto. Kwenye kiti cha mama nataka nyuzi ishirini tukifika juu, na zikae hivyo mpaka tunarudi chini. Zikipungua, gari linaegeshwa, na naomba la wilayani pamoja na dereva wake."

Mdogo wangu ana miaka hamsini na tisa. Gari likiegeshwa, na yeye ameegeshwa.

Alhamisi asubuhi nilikwenda zahanati kwa ajili ya magoti yangu, nikamkuta uani, kichwa kimezama kwenye boneti, anavuta kipande cha mpira wa zamani kilichogandia kwenye bomba la hita. Anavuta kama mtu anayeng'oa jino la ng'ombe. Sijasoma, lakini kulia kwa bomba najua maana yake. Nikatoa simu nikampigia binti yake.

Binti yake tunamwita Fundi, kwa sababu ndiye fundi. Ana gereji karibu na sokoni, anatengeneza malori na mashine za kusaga, na wanaume wanampangia foleni. Gari moja tu hakuwahi kuligusa, nalo ni hili la baba yake. Inasemekana, na anayesema ni baba yake, kwamba alipokuwa msichana wa shule alitumwa maji ya rejeta akaleta ya kijito yenye tope, tope likaziba hita, na wiki ileile mpira ukachomoka. "Huyu ndiye aliyeniulia hita," husema kila watu wanapokusanyika, na watu hucheka. Fundi hakuwahi kujibu. Alikwenda tu kujifunza ufundi.

Akaja na sanduku lake la spana.

"Nani kakuita?" baba yake akauliza.

"Shangazi."

Akanigeukia. "Dada, mdomo wako hauna breki."

"Na gari lako halina hita," nikamwambia. "Tumelingana."

Fundi alikuwa ameshainama. "Baba, usivute. Hilo bomba ni la shaba, jembamba. Likivunjika tunashusha dashibodi nzima, na kesho ni Ijumaa." Akatoa wembe, akauchana ule mpira kwa urefu, akaumenya kama ganda la ndizi. Haikuchukua hata dakika. Bwana Jumatatu akajifanya anatazama matairi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kuosha. Mpira wa bustani akauchomeka kwenye bomba la kurudishia. "Tunaingilia mlango wa nyuma," alinieleza, "ili uchafu utoke ulikoingilia." Kwenye bomba la pili akaweka kipande cha mpira kinachomwaga ndooni. Akafungua koki kidogo sana. Tukangoja. Yakatoka matone ya kahawia, moja moja, kama pua yenye mafua.

Bwana Jumatatu akaisogelea koki.

"Usifungue yote, utaipasua."

"Mimi naendesha gari hili tangu wewe hujaota meno."

"Ndiyo maana limechoka."

Akaiacha koki. Lakini nilimwona anavyotazama jua, na jua lilikuwa linapanda. Hadi saa sita matone yalikuwa yaleyale. Fundi akabadilisha upande, akarudisha upande, akatia maji ya uvuguvugu, mwisho akapiga magoti akapuliza bombani kwa mdomo, mashavu yamevimba. Kitu kikasogea ndani. Kikakohoa. Halafu ndooni pakaanguka vipande vyeupe, vigumu, kama mpira uliotafunwa, vingine vyenye rangi ya manjano.

Fundi akaokota kimoja, akakibonyeza, akanusa.

"Hili si tope," akasema.

Mimi nilikuwa naangalia paa la zahanati. Ni paa zuri.

"Shangazi?"

Basi nikasema. Siku ile ya maji ya kijito tulikuwa tunakwenda harusini, rejeta ikaanza kuvuja njiani. Mdogo wangu akashika njia moja kutafuta maji, mtoto akatumwa kijitoni, mimi nikaachwa na gari pamoja na trei ya mayai ya bibi harusi. Niliwahi kumsikia dereva wa lori akisema yai bichi linaziba tundu la rejeta. Lingetosha moja. Nilitia matatu, ute na kiini na kila kitu, nani ana muda wa kutenganisha. Uvujaji ukakoma palepale. Mdogo wangu aliporudi akasema gari limepona lenyewe, akaliita gari la baraka, mimi nikaitikia amina. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa hofu, wa pili kwa aibu, kuanzia wa tatu ikawa mazoea.

Maji yalikuwa yanadondoka ndooni, sasa kwa kasi kidogo.

"Miaka kumi na mmoja," Bwana Jumatatu akasema. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Baba, shika ndoo," Fundi akasema. "Imejaa."

Akaishika. Akaimwaga, akairudisha, akauliza, "Koki niiongeze?"

"Kidogo. Hapo. Hapohapo."

Aliongeza kidogo, akaishia hapohapo. Kama mliitegemea samahani, ilikuwa hiyo. Mimi niliambiwa nikae mbali na kitu chochote chenye mfuniko.

Alasiri maji yalitoka meupe kama ya kunywa. Wakafunga mipira mipya, wakaipitisha mbali na bomba la moshi isiungue, wakakaza klipu mpaka mpira ukaanza kuvimba pembeni, basi, si zaidi. Wakajaza maji, wakawasha. Hita ikapuliza baridi. Uso wa Bwana Jumatatu ukawa wa mtu aliyekwisha kuegeshwa. Fundi akagusa mpira mmoja, ukawa wa moto. Akagusa wa pili, wa baridi. "Ni hewa imenasa," akasema. Wakalisogeza gari mpaka kwenye mwinuko wa lango, pua ikatazama juu, akalegeza klipu ya mpira ulio juu kabisa. Ikafoka, ikatoa mapovu, ikanyamaza. Akakaza. Mipira yote miwili ikawa ya moto. Ndani ya gari yakatoka mavumbi ya miaka kumi na mmoja, na panzi mmoja mkavu, na baada yake joto.

Ijumaa Sista alihitaji mtu wa kukaa kwenye kiti cha mama. Nimezaa mara saba, nikajitolea. Nilipakatishwa kipimajoto kama mtoto. Sista alikaa pembeni yangu na daftari, Fundi nyuma akisikiliza mipira, baba yake kwenye usukani, shati limenyooka. Tulipoondoka ilikuwa nyuzi kumi na tatu. Kwenye daraja kumi na nane. Tulipofika kwenye mnara wa simu, mahali ambapo ukungu unagonga vioo kama mgeni, ilikuwa ishirini na mbili. Sista akaandika.

Tukageuza. Hapo ndipo nilipomwona anapiga mwayo. Akapiga wa pili. Miaka yote hiyo aliyekuwa akimwamsha ni baridi, na sasa baridi haikuwepo. Alipofika Mama Mkwe hakulikwepa, alilipanda, na hilo hajawahi kulifanya. Akateremsha kioo cha mlango wake vidole viwili. Sista alitazama kipimajoto mapajani mwangu. Ishirini na moja. Ishirini. Mdogo wangu akapandisha kioo.

Mbele yetu ilikuwa kona ya kwanza ya kuteremka. Akasimamisha gari kwenye tambarare, akavuta breki ya mkono, injini akaiacha ikinguruma.

"Hita?" Sista akauliza.

"Hita nzima. Ni mimi. Macho yanajifunga."

Angeweza kusema anataka kwenda haja. Mimi ningesema hivyo. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma.

"Shuka. Kamata usukani."

"Wa gari hili?" Fundi akauliza.

"Unaona jingine hapa?"

Wakabadilishana. Fundi akasogeza kiti mbele, akaingiza gia, akaanza kuteremka taratibu, na sauti ikatoka nyuma: "Mbele hapo Kibogoyo, mpitie kushoto. Kushoto! Sasa mwachie." Alimwongoza hivyo jiwe kwa jiwe mpaka chini, na kipimajoto hakikushuka tena.

Uani Sista aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akafunga daftari. "Gari linabaki," akasema. "Tukiwa na mama au mtoto ndani, kuteremka anaendesha binti yako. Nitamwombea kibarua cha msimu."

"Na mimi?"

"Wewe unapanda."

Bwana Jumatatu akalifikiria jambo hilo, mkono juu ya boneti. "Kupanda ndiyo kazi yenyewe," akasema. "Kuteremka hata jiwe linaweza." Akachukua ndoo akaenda kuosha matairi.

Fundi akabaki amesimama. "Baba, funguo zako."

"Kaa nazo," akajibu, bila kuinua kichwa. "Asubuhi nitazipitia gereji kwako."

Mpaka siku hiyo alikuwa hajawahi kukanyaga pale.