Ngeleja na Ngoma ya Kuchechemea

Mimi Msubi, na kwa miaka mingi ngoma za majirani zangu Wasukuma nilizichukulia kuwa kelele tu. Kisha Ngeleja akavunjika mguu.

Ngeleja ni manju hapa Nyamigogo, mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma, jitu refu lenye mdomo usiopumzika. Alihamia kwetu akiwa kijana kutoka Shinyanga, akalima, akaoa, akajaza boma ng'ombe. Lakini muulize yeye ni nani, atakwambia manju kabla hajataja jina lake. Mwaka juzi dume la kuvuta plau lilimkanyaga shambani, mfupa ukaunga vibaya. Wachezaji wake wakaanza kunong'ona kwamba kundi apewe Bartholomayo, mchezaji mwenzao mwenye miguu miwili mizima.

"Nipeni mashindano ya mavuno haya," Ngeleja akawaambia. "Nikishindwa, Bartholomayo auchukue usinga wangu wa umanju."

Mke wangu, Yuster, hufundisha historia sekondari. Alipokwenda kumpa pole alimsimulia habari za Abdelkrim, Mberiberi wa milima ya Rif kule Moroko. Wahispania walimfunga, akajaribu kutoroka gerezani, akaanguka, akavunjika mguu, akabaki anachechemea.

"Na kwa mguu huohuo, mwaka 1921, akawaongoza watu wake wakalivunja jeshi la Wahispania."

Ngeleja akaketi kitandani. "Alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Mzee, vitabu havisemi."

"Vitabu vimesahau, mwalimu. Wapiganaji wote wale walikula nini?"

Papo hapo akampa Abdelkrim ng'ombe elfu moja. Yuster alinuna, lakini kuhusu mwisho aligoma kabisa: Wafaransa waliungana na Wahispania wakamshinda, wakampeleka kisiwa cha mbali. Hilo lisibadilishwe.

"Akafia huko?"

"Hapana. Miaka mingi baadaye meli iliyombeba ilipofika Misri, akashuka, akakataa kurudi mikononi mwao."

Ngeleja akajipiga paja. "Nimepata wimbo!"

Kwao Wasukuma, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na waamuzi ni watazamaji: atakayewavuta wengi ndiye mshindi. Siku ya mashindano mpinzani wake, Nshoma, alileta chatu. Watu wote wakamkimbilia, na mimi nikiwemo, nisiseme uongo. Ngeleja akabaki anawaimbia mbuzi. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama.

Alipofika kwenye ubeti wa gereza, akaitupa fimbo yake ya kutembelea. Akaanza kuchechemea kwa kufuata ngoma: mguu mzima unapiga chini, ule mbovu unaburuta vumbi, bega linashuka. Uso wake ulionyesha wazi kwamba anaumia, na bado alikuwa akiwacheka Wahispania. Bibi mmoja akageuka. Wajukuu zake wakamfuata. Kisha uwanja mzima ukahama, na Nshoma akabaki na chatu wake, ambaye naye naapa alikuwa akitazama upande wetu. Abdelkrim aliposhuka melini, nilikuwa naitikia kwa Kisukuma nisichokijua, na Yuster kando yangu alikuwa ameshawasamehe wale ng'ombe elfu.

Hapo Bartholomayo akapenya hadi mbele. Nilidhani anaufuata usinga.

Akapiga goti. "Baba, nifundishe huo mguu. Wangu mzima unakataa."

Ngeleja akacheka huku machozi yakimtiririka, akamshika bega akamwinua, wakaburuta vumbi pamoja.