Kombe Nililomrudishia Bi Zuhura

Nimemkosea Bi Zuhura, jamani. Nakiri mbele yenu.

Leo tulikuwa na fainali ya vigari vya rimoti huko Kizingo. Kwetu, ukimgonga mwenzio akapinduka, unasimama. Unangoja kigari chake kiinuliwe, akutangulie, ndipo uendelee.

Kona ya mwisho nikamgonga Bi Zuhura, aliyekuwa mbele yangu. Kigari chake kikalala chali, matairi juu.

Mimi nikaongeza mwendo.

Mwamuzi hakuona. Nikapewa kombe, makofi tele. Nikageuka, nikamwona Bi Zuhura ameinama anaokota vipande.

Roho ikanisuta. Nikapaza sauti: "Kombe si langu! Nilimgonga na sikumngoja."

Bi Zuhura akaniangalia. "Basi mbona bado umelikumbatia, Athumani? Lete hapa!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Alipoliinua juu, vigelegele vikarindima, na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Wallahi, sijawahi kushinda nikafurahi hivi.

Nisemeni mtakavyo, nastahiki.

Ekseli ya mbele ya kigari chake, kile chuma kinachoshika matairi, imevunjika. Jumamosi hii, kabla ya adhuhuri, nitampelekea mpya kwake Ndia Kuu na nitaifunga kwa mikono yangu.