Siku ya Thelathini ya Shaabani

Mwaka ule wanawake wa mtaa wetu pale Kibiti walikuwa wamechoka kuvunja jungu uani kwangu. Kila Shaabani ikifika ukingoni tunapika, tunakula mpaka tunahema, tunaombana radhi, halafu kila mtu kwake kuungoja mfungo. "Safari hii twende mahali bwana," wakasema. Mimi nikalidaka neno kabla halijafika chini. Nikasema twende Kilwa Kisiwani tukaione ngome, asubuhi kwenda, jioni kurudi.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Ngome? Tukavunje jungu kwenye mawe?"

"Mawe ndiyo," nikawajibu. "Walijenga Wareno, wakaja Waarabu wakajenga juu yake, na ninyi mnakufa hapa hamjaona kitu zaidi ya stendi." Mie mdomo wangu hauna breki, hilo wanalijua. Wakanuna kidogo, lakini wakakubali.

Wacha niseme ukweli, maana siku zile sikuusema. Ngome hainihusu hata kidogo. Hatua chache kutoka kwenye kuta zake ndipo alipokuwa akiishi mama yangu mkubwa, dada wa tumbo moja na mama. Miaka kumi na mmoja walikuwa hawasemi. Binti pekee wa mama mkubwa alifariki kwa uzazi, na mama yangu hakwenda kuzika. Hakwenda kuzika, hakwenda arobaini, hakwenda kabisa. Wakati ule mie nilikuwa nimeolewa Nyamisati, nikasikia habari juu juu tu. Baadaye, marehemu baba alipotutoka na mama akaja kukaa kwangu, kila nikiuliza naambiwa hayo ni mambo ya wakubwa. Mimi huyo, mtu mzima na watoto wangu wanne!

Sasa mwezi wa Rajabu utingo mmoja wa basi la Kilwa alishuka dukani kwangu kuniita. Akasema mama mkubwa kavimba miguu, hatoki kitandani, na watu wa kule wanaona hana siku nyingi. Nikampelekea mama habari akiwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Mungu atamponya," akasema.

"Mama, twende."

"Kwa mtu siendi."

Nilikasirika nikatoka nje kabla sijamtamkia neno la kujutia. Kwetu mtu akifa ana kinyongo na wewe, basi tena, hakuna wa kumwangukia miguuni. Mama alikuwa anasali vipindi vyake vyote, anafunga mpaka sita za Shawali, halafu aje afe na jambo kama lile! Sikuwa radhi nalo. Ndiyo maana wanawake waliposema twende mahali, nikasema ngome. Kisha nikamwendea mama kwa upole wa bandia. "Akina mama wanataka kwenda kuiona ngome, na hawana mwenyeji. Wewe umezaliwa pale."

"Tulikuwa tunaanika dagaa kwenye ukuta wake," akasema. "Kuona ngome, sawa. Lakini kwa mtu siendi, nakuambia mapema."

Nikaitikia hewala, moyoni nacheka. Nilijiona nimempata.

Kupanga safari ile kulinitoa jasho. Gari tulipata moja tu, pikapu la mfanyabiashara wa mitumba, miongoni mwa wale walioinukia enzi za ruksa biashara ilipoachiwa, milango yake bado ina maandishi ya Kijapani. Mwenyewe akasema siku zote anapakia mzigo wa Dar, ila siku moja katika juma zima ndiyo ana nafasi. Tukahesabu kwa vidole. Siku hiyo ilikuwa ya thelathini ya Shaabani, kama mwezi utafika thelathini.

"Na ukiandama ishirini na tisa?" akauliza shoga yangu, yule aliyeshika orodha ya vyakula. Mtu wa maswali yule, sijapata kuona.

"Hautaandama," nikasema.

"Umeufunga kamba?"

Wote wakacheka, mie sikucheka. Mwezi ukionekana jioni ya ishirini na tisa, asubuhi yake ni kufunga, na hakuna wa kupanda gari na masufuria ya pilau. Baada ya Ramadhani kuna Idi, baada ya Idi kuna masika, na njia ile ukishaipita Nyamwage ilikuwa inameza malori mpaka ekseli. Maana yake miezi mitano. Miguu ya mama mkubwa isingengoja miezi mitano.

Halafu kulikuwa na pantoni ya Ndundu. Daraja halijajengwa bado, mto Rufiji unavuka kwa pantoni, saa kumi na mbili asubuhi inaanza, saa kumi na mbili jioni inalala. Ukichelewa unakesha ukingoni na mbu na viboko. Dereva akapiga hesabu mbele yetu, akaona tukiondoka mara baada ya sala ya alfajiri tutapata saa mbili tu pale kisiwani, dakika moja haizidi. Mimi nikaziona saa mbili hizo zinatosha. Ningempitisha mama mlangoni kwa dada yake hata kwa kumsukuma.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa uani kwangu hapakuwa na pa kukanyaga. Kuku wanachinjwa, nazi zinakunwa, vitumbua vinageuzwa, na kila mtu jicho lake liko juu. Siku zile tena mambo yalikuwa yamechanganyika. Wengine walisema wanafuata mwezi wa redio hata ukionekana nchi gani, wengine wanasema mpaka uonekane hapa kwa macho. Mtaa wetu tulikuwa watu wa macho. Wanaume wakaenda uwanja wa shule kutazama, na magharibi kulikuwa na mawingu ya kukatikakatika.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kuanua nguo. Mama alikuwa ameketi kule kwenye kibao, birika lake la kutawadhia miguuni. Nikavuta shuka kwenye kamba, nikainua macho juu ya mikorosho ya jirani, na mwezi huo hapo. Mwembamba kama ukucha uliokatwa. Ukakaa kiasi cha mtu kumaliza Bismillahi, wingu likaufunika.

Nikageuka. "Mama, unaona chochote huko?"

"Macho yangu haya nione nini?" akasema, akaanza kutawadha.

Nikakunja shuka. Nikalikunja tena. Ningetakiwa kutoka mbio nimwambie mume wangu, naye akamwambie sheikh. Nimesoma madrasa mimi, najua kuificha shahada ni dhambi. Lakini shetani naye amesoma, akanipa hoja zake. Ulikuwa peke yako. Wewe ni mwanamke, nani ataupokea ushahidi wako? Pengine ni ukingo wa wingu tu. Haukuwa ukingo wa wingu. Nilijua, na nikanyamaza, nikarudi uani kukoroga pilau na watu.

Baada ya isha mume wangu akarudi. Miko yote ikasimama sufuriani.

"Haujaonekana," akasema. "Tunakamilisha thelathini."

Vigelegele vikapasua mtaa. Shoga yangu akanikumbatia, akasema kumbe kweli umeufunga kamba. Nami nikapiga kigelegele, nikainamia sufuria.

Usiku ule nilipatana na nafsi yangu kwa jambo moja. Wengine wale, hawana kosa, hawakuona. Mimi niliyeona nitafunga. Kabla ya adhana nikaingia jikoni nipate walau tonge mbili za kiporo, nikamkuta mama anakunywa chai gizani. "Usingizi hauji," akasema. Nikaona aibu kula mbele yake, nikanywa maji bilauri mbili, nikatia nia.

Tukasali alfajiri, tukapakiana wanawake kumi na mmoja na masufuria yetu. Vumbi la kaskazi lilitugeuza rangi kabla hatujafika Ikwiriri. Wenzangu wanaimba, mie nahesabu dakika. Tukateremka Ndundu, na nilichokiona kikanikata maini. Pantoni iko ng'ambo ya pili, malori tisa mbele yetu.

"Ina nini?" dereva akamuuliza mtu wa pale.

"Injini inapoa. Subirini."

Saa moja ikapita. Ikaja ya pili. Dereva akaja kuniambia taratibu kwamba tukivuka baada ya saa tatu, Kilwa tutaiona na kugeuza papo hapo. Nikamfokea, masikini, kana kwamba injini ni yake. Nilikuwa nimefanya dhambi kwa ajili ya safari hii, na sasa mto unanicheka.

Shoga yangu akaona dawa ya kusubiri ni kula. Akafunua beseni la vitumbua, akagawa. Mie nikasema tumbo linaniuma. Mama alikuwa ameketi pembeni kwenye gogo, nikampelekea chake na kikombe cha chai. Akakipokea kitumbua, akakifungia kwenye upindo wa kanga. Chai akaiweka chini.

"Mama, kula. Njia ndefu."

"Kula wewe."

"Si nimesema tumbo."

Akanitazama. Macho yake yale, aliyokuwa akisema hayaoni kitu, yalinipekua kama mtu anayetafuta chawa. "Juu ya mikorosho," akasema polepole. "Upande wa kushoto."

Nilitaka kukana. Hakuningoja.

"Ulipotoka kuanua nguo nilikuwa nimeshauona," akasema. "Nimeuona kabla yako."

"Na ukanyamaza?"

"Na wewe je?"

Nikaketi kwenye gogo. Mtu unajiona mjanja, kumbe unayemdanganya amekutangulia barazani. Nikamwambia nilinyamaza kwa ajili yake, nilitaka afike kwa dada yake kabla dada yake hajafa. Nikamwambia yote, ngome, na hila zangu, na hasira zangu.

"Sikuja kuona ngome," mama akasema. "Ngome nimeiona tangu nazaliwa. Unadhani sikuijua hila yako? Nilikuwa naomba usiku na mchana mtu anitilie hila, maana mwenyewe sikuweza."

Kisha akaniambia lile ambalo nilikuwa nimelitafuta miaka yote. Mwaka ule kabla ya msiba, mama mkubwa alimwoza binti yake asimpelekee mama taarifa. Mama akachukia. Miezi minane baadaye ikaja habari kwamba yule binti amefariki, maziko kesho alasiri. Mama akawa hataki kwenda, na hataki kuonekana hakutaka. Akatuma salamu kwa dada yake kwamba amefika mpaka Ndundu, pantoni imeharibika, amerudishwa.

"Haikuharibika," akasema. Alikuwa anautazama mto, hanitazami. "Wala sikufika. Nilikaa nyumbani napepeta mpunga. Siku nzima nilipepeta mpunga, mpaka ukaisha, nikaupepeta tena."

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, na jua lile.

"Mwanangu, nilisema uongo ili nisiende. Na jana nimesema mwingine ili niende. Mungu atanihukumu kwa upi, sijui. Ila huu wa pili nimeufungia saumu. Ule wa kwanza nimekula nao miaka kumi na mmoja."

Pantoni ikanguruma ng'ambo. Wanawake wakapiga kelele, wakaanza kufunga mabeseni. Tulivuka saa tatu kasoro robo. Dereva, pamoja na matusi niliyompa, akaendesha siku ile kama aliyekodiwa na malaika. Nyamwage tukaipita bila kusimama, mashimo ya mbele yake yakatupiga vichwa kwenye vyuma, na saa saba kasoro robo tulikuwa tumevuka maji ya Kilwa kwa mashua, tunashuka kisiwani. Saa mbili zetu zilikuwa zimebaki moja.

Wenzangu wakaelekea ngomeni na masufuria vichwani, wanashangaa lile lango lake na kuta zinazoliwa na bahari. Nasikia walifurahi. Mama hakuitupia jicho. Alishika kijia cha kati ya minazi bila kuuliza mtu, kwa mwendo ambao miguu yangu ya ujana ilihangaika kuufuata, mpaka kwenye nyumba ya udongo yenye baraza fupi. Akapiga hodi mara moja. Hakungoja karibu.

Mama mkubwa alikuwa kitandani, amejifunika kanga kiunoni, miguu yake imevimba mpaka ngozi inang'aa. Nilikuwa nimejiandaa kusema mimi, nieleze, nilainishe. Mama akanisukuma kando kwa kiwiko. Hakusalimu, hakuuliza hali.

"Dada," akasema, "pantoni ilikuwa nzima."

Mama mkubwa akamtazama. Akatazama kanga yake iliyojaa vumbi, na midomo yake iliyokauka kwa saumu. Nikasikia kwa mbali wenzangu wanacheka kule ngomeni.

"Najua," akasema. "Jioni ya maziko dereva wa lori aliyevuka Ndundu asubuhi hiyohiyo alikuja msibani. Nimekaa miaka yote hii nangoja uje uniambie mwenyewe."

Kisha akaishika miguu yake kwa mikono, mmoja mmoja, akaisogeza ukutani, akampa mama mahali pa kukaa.